Mcheza kwao hatunzwi: Safari za vijana kujitolea Pwani zinamtuza mgeni na kumsahau mwenyeji

Kila shule zinapofungwa, mabasi ya vijana huanza kuteremka Pwani. Wapo wanaotoka Nairobi, Nakuru na Eldoret pamoja na vilabu vya shule, vyuo, makanisa na misikiti. Wapo wanaotua Mombasa kwa ndege kutoka Uingereza, Ujerumani na Marekani. Wote huja kujitolea: kupanda mikoko, kuokota plastiki ufuoni, kupaka rangi madarasa, kufundisha watoto kusoma. Wengine hukaa siku nne, wengine wiki mbili. Usiku wa mwisho huwashwa moto ufuoni, zikaimbwa nyimbo, vikatolewa vyeti, ikapigwa picha ya pamoja na baadhi yao wakatokwa na machozi. Kunapokucha, basi lishaondoka.

Sina ugomvi na moto ule wala machozi yale. Nimeandamana na misafara kadhaa ya aina hii nikiwa mwenyeji na mkalimani, na najua kwamba kijana wa miaka 17 aliyelala wiki nzima chini ya chandarua kimoja na watu asiowajua anastahili kuambiwa ahsante. Linalonishughulisha ni mduara wenyewe. Ukiutazama vizuri, walioketi ndani yake ni wageni na viongozi wao. Barobaro wa kijiji aliyewaonyesha pa kukanyaga kwenye tope, dada aliyewapikia na mzee aliyewapa idhini ya kuingia msituni wamesimama nyuma, au wameshakwenda makwao.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika safari hizi, mcheza kwao ndiye pekee asiyetunzwa. Hili si suala la adabu peke yake. Ndilo linaloamua kama kazi iliyofanywa itadumu, au itakufa basi likishapinda kona.

Michezo ina kazi yake

Tuanze kwa kutenda haki. Mtu akiona vijana thelathini wameshikana mikono wakajifunga fundo, kisha wanahangaika kujifungua bila kuachiana, anaweza kudhani ni utoto. Si utoto. Kundi la vijana wasiojuana, likipata joto, uchovu, chakula kigeni na choo cha shimo kwa pamoja, huvunjika haraka. Siku ya kwanza kila mtu ana furaha, ya pili kila mtu anavumilia, na ya tatu maneno huanza: fulani hafanyi kazi, fulani anajiona, fulani anashinda kwenye simu.

Waandaaji wenye uzoefu wanalijua hilo, ndiyo maana huja na mbinu zao. Kuna rafiki wa siri: kila mmoja huokota karatasi yenye jina la mwenzake na kumfanyia wema kimyakimya wiki nzima, kumjazia chupa ya maji au kumwanulia nguo, hadi usiku wa mwisho wanapojulishana. Kuna bahasha zinazobandikwa ukutani, moja kwa kila mtu, na yeyote aweza kutia kijikaratasi cha shukrani humo. Kuna kibunda cha uzi kinachorushwa kutoka mtu hadi mtu, na anayerusha hutaja jambo moja jema alilotendewa na yule anayemrushia, mpaka mduara mzima ukawa kama wavu. Na kuna kikao cha kila jioni ambapo kila mtu husema lililomfurahisha na lililomwia zito siku hiyo.

Ni mambo mepesi, hayana gharama, na yanafanya kazi. Kijana mkimya aliyeshinda akibeba ndoo hujua kwamba ameonekana. Kiongozi hutambua mapema nani ana homa na nani amekumbuka nyumbani. Na kumshukuru mtu kwa jambo mahsusi, kwamba ulinishika mkono nilipoteleza kwenye mizizi, kunamjenga zaidi kuliko kuliambia kundi zima kwamba limefanya vyema. Kasoro naiona kwenye zile bahasha ukutani. Zihesabu, kisha uhesabu watu waliofanya kazi siku ile. Idadi hazilingani, na majina yanayokosekana daima ni ya wenyeji.

Kundi likishikana sana

Kuna jaribio moja la zamani linalotufaa hapa, ingawa lilifanyika mbali. Mwaka 1954 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliwapeleka pamoja na wenzake wavulana 22 wa miaka 11 na 12 kwenye kambi ya Robbers Cave katika jimbo la Oklahoma. Waliwagawa makundi mawili, na kila kundi likakaa peke yake kwa siku kadhaa likiogelea, likitembea porini, likijichagulia jina na bendera. Kila kundi likashikana barabara.

Kisha makundi yakakutanishwa kwa mashindano ya besiboli na kuvuta kamba, washindi wakiahidiwa zawadi. Haukupita muda wakawa wanatukanana, wanachomeana bendera na kuvamiana mabweni. Watafiti walijaribu kuwapatanisha kwa kuwakalisha pamoja kula na kutazama filamu. Haikusaidia, waliishia kurushiana chakula. Kilichosaidia ni shida iliyowahusu wote. Maji ya kambi yalipokatika, ilibidi watafute pamoja mahali palipoharibika. Gari la kuwaletea chakula lilipogoma kuwaka, walilivuta wote kwa ile kamba waliyokuwa wakivutana nayo.

Jaribio hilo limekosolewa baadaye, na kwa haki, kwa jinsi watoto wale walivyochezewa bila wao kujua. Lakini funzo lake analijua yeyote aliyekaa kijijini kundi la wageni likiwepo. Fulana za rangi moja, wimbo wa kundi, utani wa ndani usioeleweka na wengine: vyote hivi huwafanya wageni kuwa "sisi". Na kila "sisi" ina "wao". Kundi linaposhikana sana lenyewe kwa lenyewe, hujijengea ukuta bila kukusudia, na anayebaki nje ya ukuta ni mwenye kijiji.

Mwaka huohuo wa 1954 msomi mwingine wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kwamba watu wa makundi tofauti huacha kudhaniana vibaya wanapokutana kwa hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana kulifikia, na wakiungwa mkono na wenye mamlaka. Pima safari zetu kwa vigezo hivyo. Lengo moja lipo, na mara nyingi idhini ya chifu na wazee ipo. Hadhi sawa ndiyo haipo. Mmoja ana fulana, cheti na kamera. Mwenzake ana jembe na jina lisilotajwa.

Na tusijidanganye kwamba ile ngoma ya usiku mmoja inatibu jambo hili. Kuwapanga wageni kwenye viti vya plastiki, wakina mama wakawachezea, kisha bakuli likapitishwa, ni burudani halali na kina mama wanastahili malipo yao. Lakini kutazamana si kuungana. Ni ile filamu ya Oklahoma tu, iliyotiwa ngoma.

Kwetu njia ipo tangu zamani

Wazee wetu hawakuhitaji mchezo wa fundo. Chombo kinapomalizwa kuundwa, mwenye chombo hualika mtaa kuja kukishua. Watu huja wakakishika ubavuni, mmoja akaimba, wengine wakaitikia, chombo kikasogea kidogo kidogo hadi majini. Hakuna anayeuliza aliye kando yake ni kabila gani au ametoka nyumba gani. Chombo kikishaelea, watu hula. Nyumba ya udongo inapokandikwa ni vivyo hivyo: udongo, maji, majirani, na sufuria ya mwenye nyumba iko mekoni.

Katika kazi kama hizo mgeni na mwenyeji husukuma kutoka upande mmoja. Ndiyo maana twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huusikia msemo huo kama karipio kwa mgeni mvivu. Mimi nausikia pia kama mlango. Aliyepewa jembe amekubaliwa. Hatazamwi tena, amekuwa mmoja wa walioko shambani.

Nchi zimewahi kuutumia mlango huo kwa makusudi. Nigeria ilianzisha utumishi wa mwaka mmoja wa wahitimu wake mwaka 1973, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, na kuwapeleka vijana kwenye majimbo yasiyo yao. Hapa Kenya mpango wa G-United uliwatuma wahitimu wa vyuo vikuu kwenye kaunti zisizo za kwao, wakasaidie watoto wa shule za msingi kusoma. Nguvu ya mipango hiyo haikuwa kwenye sherehe za kufunga. Ilikuwa kwenye kuishi, kuchota maji kisima kimoja, kuzoea salamu za watu.

Safari ya siku saba haiwezi kufanya yote hayo, lakini inaweza kufanya sehemu yake. Majina ya rafiki wa siri yachanganywe, nusu ya wageni na nusu ya vijana wa kijiji. Kikao cha jioni kiendeshwe kwa Kiswahili, na asiyekijua atafsiriwe yeye, badala ya mwenye kijiji kutafsiriwa akiwa kwao. Badala ya michezo iliyochapishwa kwenye kitabu cha kambi, wageni waketi wategewe vitendawili. Mtoto wa darasa la tano wa Vanga akisema "Kitendawili!" na mwanachuo wa Nairobi akajibu "Tega!", hadhi zimeshasawazika, kwa sababu hapo anayejua ni mtoto na mwanachuo ndiye anayetafuta jibu mpaka atoe mji.

Na kuna jambo dogo ambalo waandaaji wengi hawalioni. Moto wa ufuoni saa nne za usiku unawafungia nje wasichana wetu. Wazazi wengi wa Pwani hawatamruhusu binti yao kwenda huko, na sioni sababu ya kuwalaumu. Sherehe hiyohiyo ikifanywa baada ya sala ya Alasiri, uwanjani, mama mzazi akiwepo, msichana aliyefanya kazi wiki nzima atakuwepo jina lake litakapotajwa. Saa tu zikibadilishwa, nusu ya vijana wa kijiji wameingia kwenye mduara.

Mche haungoji cheti

Nimesema kwamba suala hili linaamua kama kazi itadumu. Tuchukue mikoko, kwa kuwa ndiyo kazi inayopendwa sana na misafara hii.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Ni miti ya aina tisa, na kila aina ina mahali pake: mlilana hukaa mbele karibu na bahari, mkoko hupenda tope linalofikiwa na maji kila siku, mkandaa hukaa nyuma zaidi, na mchu waweza kuupata mbele na nyuma pia. Mvuvi anajua haya bila kitabu. Lakini mbegu ya mkoko ni ndefu na nyembamba, na mtu yeyote anaweza kuichomeka topeni kwa sekunde mbili. Basi hiyo ndiyo inayopandwa kila siku ya wageni, na mara nyingi kwenye tope tupu lililo wazi, kwa kuwa hapo ndipo pana nafasi ya watu mia kupanda na kupigwa picha. Tope hilo mara nyingi lina sababu ya kuwa tupu. Maji ni mengi mno au mawimbi ni makali, na mche hauwezi kushika mizizi. Tatizo hili linajulikana kwa watafiti wa mikoko duniani kote.

Halafu kuna ratiba. Kazi ya mikoko hufuata bamvua na maji mafu, nayo ratiba ya basi hufuata tarehe ya kufungua shule. Mwenyeji akisema leo maji hayafai, njooni baada ya siku tano, hasikilizwi, kwa sababu baada ya siku tano wageni watakuwa njiani kurudi bara. Anayejua hana sauti kwenye mpango. Hapo ndipo kukosekana kwake kwenye mduara kunapogeuka hasara, kwa kuwa asiyehesabiwa kuwa mwenye kazi hawezi kuizuia isiharibike.

Desturi hii haikuanza na wageni. Serikali ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, ikarudia tarehe 10 Mei 2024, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Ni lengo zuri. Lakini hesabu inayotangazwa zaidi ni ya miche iliyopandwa. Mche uliopandwa ni ahadi tu, na mti ni ule uliobaki hai baada ya kiangazi na mbuzi kupita.

Linganisha na Gazi, kule Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 na unalinda hekta 117 za mikoko. Watu wa Gazi na Makongeni huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya Equator, na mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikaanzisha wao mradi kama huo. Tazama mpango wa mambo. Tuzo ilikuja miaka minne baada ya kazi kuanza, ikaja kwa wenye msitu, na kwa msitu uliosimama. Hakuna aliyewapa Gazi cheti siku ya kwanza walipotia miguu topeni.

Mila yetu wenyewe inajua mpango huo. Mtoto haandaliwi hitima siku anapoanza alifu. Huandaliwa anapomaliza msahafu, mwalimu wake akiwepo, jamaa wakala, na mtoto akatuzwa mbele za watu. Neno kuhitimu tumelipata huko. Tuzo ni ya aliyefika.

Hata mipango ya kizungu inayoheshimika hufanya hivyo. Tuzo ya Rais, ambayo shule nyingi za Kenya zinaijua tangu 1966, imetokana na ile ya Duke wa Edinburgh ya Uingereza. Ina daraja tatu: shaba, fedha na dhahabu. Anayetaka dhahabu hujitolea kwa muda wa mwaka, takriban saa moja kila wiki. Hakuna siku moja ya jasho inayomfikisha. Waandaaji wa safari wangeweza kuiga hekima hiyo. Cheti cha siku ya mwisho kiwe cha kushiriki tu, na tuzo yenyewe itolewe baada ya mwaka, kwa wageni na wenyeji pamoja, miche iliyo hai ikishahesabiwa.

Cheti kina uzito kwa nani

Kwa kijana anayetoka shule ya bei ghali Nairobi au London, cheti cha wiki moja Kilifi ni karatasi ya kuongezea kwenye maombi ya chuo. Ana vingine vitano. Kwa kijana wa Ngomeni au Mtwapa aliyemaliza kidato cha nne akakosa karo, karatasi yenye muhuri inayosema aliongoza watu thelathini baharini kwa siku saba, akawarudisha wote salama, ni kitu cha kumfungulia mlango wa hoteli, wa kampuni ya mashua au wa mradi wa uhifadhi. Kila tangazo la kazi huuliza uzoefu. Uzoefu anao, ila hakuna aliyeuandika.

Kenya sasa ina mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na tangu zamani mafundi wamekuwa wakifanya mitihani ya daraja ya NITA bila kupitia chuo. Katika njia hizo mtu huulizwa ushahidi wa kazi aliyofanya. Barua inayoeleza tarehe, saa, kazi yenyewe na jina la aliyeisimamia inaweza kuwa sehemu ya ushahidi huo. Haimgharimu mwandaaji chochote zaidi ya nusu saa na wino. Fulana hufifia baada ya kufuliwa mara kumi, barua ikitunzwa vizuri hukaa.

Swali nililolisikia mara nyingi kwa vijana wetu si kwa nini hawakulipwa. Wengi walilipwa kidogo, na hawalalamiki. Wanauliza mbona picha imepigwa wao wakiwa wameshika kamba ya mashua, na maelezo chini ya picha yakataja kila mgeni kwa jina, halafu yakasema "pamoja na wenyeji". Kuitwa kwa jina ni jambo dogo kwa aliyezoea. Kwa ambaye hajaitwa, ni kubwa.

Mahali pa kusimama kidogo

Kuna aina moja ya ukaribu ambayo ingefaa ipunguzwe, si iongezwe: ule wa wageni na watoto wa makao ya mayatima. Kuimba nao siku mbili, kuwabeba, kuwapa peremende, kupiga nao picha, kisha kuondoka, huwafurahisha wageni. Mtoto aliyekwisha kupoteza wazazi hubaki akihesabu watu waliompenda na kutoweka. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga watoto walelewe katika familia badala ya taasisi. Anayetaka kumsaidia mtoto wa aina hiyo amsaidie shangazi au bibi anayemlea alipe karo. Hapo hakuna haja ya mchezo wala kamera.

Wasemavyo waandaaji

Nimewasikia waandaaji wakijibu hoja hizi, na majibu yao yana uzito. Wanasema wageni ndio wanaolipia safari, na wasiporidhika mwakani hawarudi. Wanasema wiki moja ni fupi mno kuunganisha watu wa lugha na dini tofauti. Wanasema pia kwamba vijana wa kijiji wenyewe hukimbia vikao vya jioni kwa haya.

La kwanza ni kweli, ila mgeni anayerudi mwaka wa pili mara nyingi ni yule aliyepata rafiki kijijini. Moto wa ufuoni anaweza kuupata popote. La pili ni kweli pia, na ndiyo sababu ya kutotumia siku tatu za mwanzo kuwaunganisha wageni peke yao. Muda ukiwa mfupi, waunganishwe na wenyeji tangu asubuhi ya kwanza, kazini. La tatu silikubali. Kijana anaona haya kuketi mahali asipojua amealikwa au amevumiliwa. Akiambiwa tangu mwanzo kwamba usiku wa Jumatano yeye ndiye mwenye zamu ya kuendesha kikao, haya itaisha siku hiyo.

Upande wetu pia tuna la kufanya. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowaweka vijana wetu nyuma. Msafara ukifika, wanaopanda jukwaani ni mzee wa kijiji, mwenyekiti, mwakilishi wa wadi na yeyote mwenye koti. Wageni hupewa leso na vikoi kwa shangwe, na barobaro aliyekuwa topeni hadi kiunoni haitwi hata kushika kipaza sauti. Hatuwezi kumdai mgeni amtambue mtoto wetu tukiwa sisi wenyewe hatumtambui.

Masharti kabla ya karibu

Vijiji vyetu vina vyombo vya kulisimamia jambo hili. Kuna kamati za usimamizi wa fuo zinazojulikana kama BMU, kuna jumuiya za misitu, kuna kamati za shule na za wazee. Msafara wowote huanza kwa kuomba nafasi kwao. Hapo ndipo pa kuweka masharti, na napendekeza manne.

Kwanza, orodha ya kundi iwe moja, wageni na vijana wa kijiji pamoja, na kila aliye kwenye orodha awe na bahasha ukutani, nafasi kwenye mduara na jina chini ya picha. Pili, tarehe na mahali pa kupanda zichaguliwe na wanaoijua bahari, na msafara usioweza kuzifuata upewe kazi nyingine, kama kujaza udongo kwenye vifuko vya kitalu au kusafisha ufuo. Tatu, kila kijana wa kijiji aliyefanya kazi apewe barua yenye saa na kazi aliyofanya, kabla basi halijaondoka. Nne, sehemu ya fedha za safari iwekwe kwa ajili ya siku ya hesabu baada ya mwaka, ili vijana wa kijiji wapite wakihesabu miche iliyo hai na wawapelekee wageni jibu, liwe jema au baya.

Hilo la nne ndilo litakaloonyesha nani alikuja kwa kazi na nani alikuja kwa picha. Kundi litakalopokea simu baada ya mwaka, likaambiwa kwamba kati ya miche mia tatu imebaki tisini na kwa nini, litakuwa limefungwa na kijiji chetu kuliko kwa moto wowote wa ufuoni. Na kijana atakayepiga simu hiyo atakuwa ametunzwa kwao, kama wahenga walivyotaka.

Likizo ijayo haiko mbali. Kamati zikae sasa, masharti yaandikwe, ili simu ya kwanza ya kuomba nafasi itakapoingia yawe yamekwisha kubandikwa mlangoni.